Kubadili balbu za taa za mbele: nunua mwanga kwanza, rangi baadaye

Kazi yangu ni kusambaza magazeti. Naondoka nyumbani saa saba usiku, narudi wakati wengine wanapiga mswaki. Usiku mmoja ni saa tano za kuendesha gizani, mwaka mzima, na macho yangu si ya kijana tena. Ninachoandika hapa nimejifunza kwa hasara, na hasara yenyewe ilianza na balbu nzuri sana kwa kuangalia.

Taa zangu zilikuwa na umanjano uliochoka. Nikanunua balbu zilizoandikwa 5000K, nyeupe kama maziwa, boksi lenye picha ya radi. Siku tatu za mwanzo nilijiona mtu. Gari la zamani likawa kama limetoka kiwandani jana. Usiku wa nne ikanyesha. Lami ikawa nyeusi ti. Vibao vya barabarani vilimetameta vizuri tu, mistari nayo ilionekana kwa taabu, lakini barabara yenyewe ilikuwa imemezwa. Mwendesha baiskeli mwenye koti jeusi nilimwona akiwa tayari yuko usawa wa kioo changu cha pembeni. Sikumgusa. Nilisogea mbele kidogo, nikaegesha, nikazima injini, nikakaa hapo mpaka mikono ilipotulia.

Asubuhi nilimwendea fundi wangu wa umeme wa magari. Ni kijana mwenye umri wa mwanangu wa pili. Alichomoa balbu moja, akaishika kwa kitambaa na kuiinua kuelekea juani. Kioo chote kilikuwa cha bluu, kama chupa ya manukato.

"Mzee," akasema, "umeivalisha balbu miwani ya jua, halafu unalalamika giza."

Namba zilizo kwenye boksi

Namba za kuzitazama ni tatu. Wati ni umeme ambao balbu inakula. Lumeni ni mwanga ambao inautoa. Kelvini ni rangi ya mwanga huo, basi, haikuambii kama ni mwingi au mchache. Mshumaa uko karibu na kelvini 1900, balbu ya kawaida ya halojeni 3200 hivi, jua la mchana karibu 5500. Namba ikipanda, rangi inaacha umanjano, inakuwa nyeupe, halafu inaanza ubluu. Wauzaji wengi huisema namba ya kelvini kama vile ndiyo nguvu ya balbu, na mnunuzi naye huitikia. Mimi niliitikia.

Sasa angalia jambo hili, maana ndilo lililonifungua macho. Halojeni inatoa mwanga kwa kupasha moto uzi wa tangsteni mpaka uwe mweupe. Tangsteni huyeyuka kwenye nyuzi 3422 za Selsiasi, ambazo kwa kipimo cha kelvini ni kama 3695. Uzi unaoyeyuka kabla ya kufika 3700 utatoaje mwanga wa 5000? Hauwezi. Kinachofanyika ni kupaka kioo rangi ya bluu, ili kizuie sehemu ya umanjano na wekundu na kuachia bluu ipite. Huo mwanga uliozuiwa haurudi barabarani. Unageuka joto ndani ya balbu. Kwa hiyo ukiona balbu ya halojeni imeandikwa 4500, 5000 au, Mungu apishe mbali, 6000, soma hivi: hapa kuna mwanga uliopunguzwa kwa makusudi.

Utasema, mbona zimeruhusiwa kuuzwa? Nyingine hazikuruhusiwa, zinauzwa tu. Zile halali zinatumia nafasi iliyomo kwenye kanuni. Balbu ya H4, ile yenye nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, kiwango chake cha kimataifa ni lumeni 1000 kwenye dimu, yaani mwanga wa chini, na 1650 kwenye fulu, ule wa mbali, ikipimwa kwa volti 13.2, na inaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 15. Maana yake dimu ya lumeni 850 ni halali kabisa. Balbu nyeupe sana hukaa huko chini, na ili ifike hata hapo inabidi uzi uchochewe moto kuliko kawaida. Ndiyo maana zinaungua upesi. Umetoa hela zaidi, umepata mwanga pungufu kwa muda mfupi.

Rangi ya bluu ina kisirani kingine. Mwanga wenye ubluu mwingi hukera macho ya anayekuja mbele yako kuliko mwanga wa umanjano wenye nguvu ileile. Kwenye ukungu na mvua kubwa nawe unakereka, kwa sababu matone yanakurudishia huo mwanga usoni. Watu husema umanjano "unapenya" ukungu. Matone ya ukungu ni makubwa mno kuchagua rangi, hakuna rangi inayopenya kwa maajabu. Ila umanjano unapokurudia, jicho linauvumilia. Ufaransa iliwalazimisha watu kutumia taa za njano kwa miongo kadhaa, hadi 1993.

Usinunue kitu bado

Fundi wangu alikataa kuniuzia balbu siku hiyo. Alianza na kioo cha taa. Vioo vya taa za siku hizi ni plastiki ngumu, na jua huzifanya ziwe na utando wa njano kama kucha za mvuta sigara. Balbu iwe bora namna gani, mwanga ukipita kwenye utando huo unatawanyika. Tulizungushia utepe wa karatasi wenye gundi pembeni ili tusikwaruze rangi ya gari, tukasugua kwa msasa wenye maji, kuanzia namba 800, kisha 1500, 2000 na kumalizia 3000. Kioo kinakuwa cheupe kama barafu katikati ya kazi, usiogope. Baadaye kinang'arishwa kwa dawa ya kupolishi na kupakwa vanishi inayozuia miale ya jua. Ukiruka hiyo vanishi, baada ya miezi michache utando umerudi, na kazi umeifanya bure. Dawa ya meno ambayo watu hushauriana inang'arisha kwa wiki mbili.

Kisha akatoa testa, kile kipimo cha volti, na hapa nakuomba utulie nami, kwa sababu ndipo mwanga wangu ulipokuwa umepotelea.

Injini ikinguruma, taa zikiwa dimu, alipima kwenye betri: volti 14.1. Akavuta kifuniko cha mpira nyuma ya taa, akaingiza ncha mbili za testa kwa nyuma ya soketi, balbu ikiwa bado imechomekwa na inawaka. Kushoto 12.3. Kulia 12.5. Volti karibu mbili zilikuwa zinapotelea njiani, kwenye waya mwembamba wa miaka mingi, swichi iliyochakaa na nati zenye kutu.

Volti mbili zinaonekana kidogo. Tatizo ni kwamba mwanga wa halojeni haushuki sambamba na volti, unaporomoka. Kwa makadirio ya mafundi, volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa asilimia kama 30, na unakuwa wa njano zaidi. Yaani ule umanjano niliokuwa nautibu kwa kioo cha bluu ulikuwa dalili ya njaa. Balbu ilikuwa inanyimwa umeme, nami nikaifunika blanketi.

Kupima mwenyewe si kazi kubwa. Pima na balbu inawaka, kwa sababu soketi tupu itakuonyesha volti kamili na kukudanganya. Gusa nguzo ya chanya ya betri kwa ncha moja na pini ya chanya ya balbu kwa ncha nyingine. Testa itakuonyesha ni volti ngapi zinapotea upande huo. Rudia upande wa hasi. Jumla ikizidi nusu volti, kuna kitu cha kushughulikia. Kwangu, hasi peke yake ilipoteza zaidi ya nusu ya zile volti. Waya wake ulifungwa kwenye bodi chini ya kitako cha betri, mahali ambapo asidi ilikuwa imedondokea kwa miaka. Tuliukwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukafunga skrubu mpya, tukapaka grisi. Kazi ya robo saa, na taa ikabadilika mbele ya macho yangu.

Kwa volti zilizobaki kupotea tulifunga rilei mbili, yaani swichi ndogo zinazoendeshwa na umeme, moja ya dimu na moja ya fulu. Swichi ya zamani sasa inaziamuru rilei tu, na umeme wa balbu unatoka moja kwa moja kwenye betri kwa waya wa milimita mraba 2.5, kupitia fyuzi ya ampea 15 iliyowekwa karibu na betri kadiri inavyowezekana. Fyuzi hiyo usiibanie. Waya mnene usio na fyuzi karibu na injini ni moto unaosubiri siku yake. Tulipopima tena: 13.6 kushoto, 13.7 kulia. Kwa balbu zilezile za zamani, hiyo ni nyongeza ya zaidi ya theluthi ya mwanga.

Tahadhari mbili. Magari mengi ya Kijapani yenye H4 hukata upande wa hasi badala ya chanya, kwa hiyo mchoro uliouona kwenye gari la mwenzako unaweza kuwa kinyume kwako. Pima kabla hujakata waya. Na kama gari ni la karibuni, ambalo kompyuta ndiyo inayowasha taa na kuchunguza kama balbu imeungua, usilifunge rilei kwa kubahatisha. Litakuwashia taa za onyo mpaka ujute.

Sasa balbu

Chukua aina ileile iliyoandikwa kwenye kitako cha taa yako. H4 kwa H4, H7 kwa H7. Kuna wanaokwangua vijino vya balbu moja ili iingie kwenye tundu la nyingine yenye lumeni nyingi. Usiwafuate kama huwezi kuhakikisha uzi unakaa mahali uleule, kwa sababu sahani inayoakisi ndani ya taa ilichongwa kwa uzi ulio sehemu moja tu, na kosa la milimita moja linatosha kuuvuruga mwali wote.

Nyumbani kwangu kanuni ni kioo kisicho na rangi. Balbu zenye pete ndogo ya bluu karibu na ncha hazina neno, ilimradi sehemu inayouzunguka uzi iko wazi. Hizo hufika kelvini 3500 hivi na bado barabara inaonekana. Zaidi ya hapo, kwa halojeni, siendi.

Zipo zile zinazojitangaza kutoa "asilimia 130 zaidi" au "150 zaidi". Namba hiyo si uongo mtupu, ila haimaanishi unachofikiri. Wanapima sehemu chache za mwali na kulinganisha na kiwango cha chini kabisa kinachokubalika; jumla ya lumeni haiwezi kuvuka mipaka ile niliyoitaja. Kinachofanyika ni kutengeneza uzi mfupi, mwembamba, uliowekwa kwa usahihi mkubwa, ndani ya gesi yenye shinikizo zaidi. Chanzo kikiwa kidogo, mwali unakusanyika vizuri na kufika mbali. Mimi natumia hizo na sirudi nyuma. Bei yake ni umri: kwangu zinamaliza miezi mitatu hivi, wakati za kawaida zilikuwa zinapita nusu mwaka. Rilei nayo inachangia, maana volti nyingi hufupisha maisha ya uzi. Kama unaendesha usiku mara mbili kwa wiki hutaliona tatizo hilo. Kama taa zako huwaka mchana kutwa, nunua za kawaida zenye maisha marefu, usijitese.

Za wati 100 kwa 90 ziache kwenye rafu. Zinavuta zaidi ya ampea 8 mahali palipopangiwa 5. Soketi ya mwenzangu wa zamu iliyeyuka ikashikana na balbu, na sahani ya ndani ikababuka kama rangi ya sufuria.

Kufunga kwenyewe ni kwa haraka. Injini imezimwa, balbu imepoa. Chomoa soketi, vua mpira, bana kile kiwaya cha kushikilia na kukisogeza pembeni, kumbuka kilivyokaa. Balbu mpya ishike kitakoni tu, kioo usikiguse kwa vidole. Jasho na mafuta ya ngozi huacha alama, na kioo hicho cha kwatzi kikipata moto wa mamia ya nyuzi, pale penye alama hudhoofika. Ukikosea, futa kwa spiriti na kitambaa safi kabla hujawasha. Vijino vitatu vya H4 vina mkao mmoja tu. Balbu ikigoma kukaa, usiisukume, izungushe. Mpira urudishe umekaza pande zote, la sivyo unyevu utaingia na taa itatoka jasho. Na badilisha zote mbili kwa pamoja, kwani iliyobaki nayo haiko mbali.

Kuhusu LED

Kila mtu ananiuliza. Gari lililotoka kiwandani na taa za LED, vile vijitaa visivyo na uzi, ni jambo jingine. Taa yote ilichorwa kwa ajili yake. Ninachozungumzia ni LED inayochomekwa mahali pa balbu ya halojeni.

Niliwahi kufunga. Boksi lilisema lumeni 20,000, wati 25. Gawanya mwenyewe: lumeni 800 kwa wati moja. Fizikia inaruhusu lumeni 683 tu kwa wati, tena kwa mwanga wa kijani mtupu wa rangi moja, usiopoteza hata chembe. Boksi lilikuwa linatangaza kitu ambacho hakiwezekani popote ulimwenguni. Ndiyo kusema ukiona namba za namna hiyo, hata maneno mengine ya boksi usiyaamini.

Mwanga wake mbele ya boneti ulikuwa mkali kweli. Mita kumi za kwanza ungeweza kuokota sindano. Hapo ndipo mtego ulipo, kwani karibu pakiwa na mwanga mkali mboni ya jicho hujibana, na mbali kunazidi kuwa giza. Nikawa naendesha ndani ya chumba chenye taa, kuta zake ni usiku. Pili, uzi wa halojeni hutoa mwanga kuzunguka pande zote, LED hutoa upande wa kushoto na kulia wa kijibati kinachobeba vijitaa vyake, kwa hiyo sahani inapokea mwanga usio wake na kuutupa juu ya mstari unaotenganisha mwanga na giza. Niliwashiwa fulu na kila gari lililokuja mbele, na walikuwa na haki. Nchi nyingi haziziruhusu kwenye taa za halojeni. Ujerumani ilianza mwaka 2020 kuidhinisha baadhi, lakini kwa kila modeli ya gari iliyopimwa kwa jina. Kama kwako zinaruhusiwa na umeamua, hakikisha vijitaa vinatazama kushoto na kulia, saa tisa na saa tatu za mshale wa saa ya ukutani, na utazame ukutani dakika ya kwanza na tena dakika ya kumi na tano. Nyingi hufifia zikipata joto.

Zenoni, ile balbu isiyo na uzi ambayo umeme hupita kwenye gesi, ya kuchomeka kwenye taa ya halojeni, hiyo hata sijadili. Chanzo kikubwa kuliko uzi na mwanga mwingi usio na pa kukaa.

Ukuta

Umebadili balbu, umegusa taa, basi pima uelekeo. Tafuta ukuta na sakafu iliyo sawa. Tairi ziwe na upepo wake, wewe au mtu wa uzito wako akae kwenye kiti cha dereva. Sogeza gari mpaka pua ikaribie ukuta, ubandike utepe kwa urefu wa kitovu cha kila taa. Rudi nyuma mita 10, uwashe dimu. Mstari unaogawa mwanga na giza ushuke sentimita 10 chini ya utepe, yaani asilimia moja. Taa nyingine zimeandikwa asilimia yake kwenye kitako, 1.2 au 1.3, fuata hiyo. Mkia wa mwanga unaopanda uwe upande wa ukingo wa barabara, usiwe wa wanaokuja. Kama gari lako lilitengenezwa kwa nchi inayoendesha upande mwingine, mkia huo utawapiga watu machoni kila siku, na hakuna skrubu itakayourekebisha. Inabidi kubadili taa zenyewe.

Skrubu ya juu na chini ipo nyuma ya taa, mara nyingi inazungushwa kwa bisibisi ya msalaba. Robo mzunguko, tazama, robo mzunguko tena. Gari langu taa ya kulia ilikuwa inatazama ardhini mita 20 tu mbele, pengine tangu bampa ilipogongwa na mwenye gari wa kwanza. Miaka yote hiyo nilikuwa naendesha na taa moja na nusu.

Balbu zile nyeupe za 5000K nilizitupa. Kwenye buti natembea na balbu mbili za kawaida zisizo na rangi, zimezungushiwa soksi, pamoja na glavu na tochi ya kichwani, kwa sababu balbu haikuwahi kuungua nikiwa nimeegesha nyumbani.